Jino la Likoni, Mtaala wa Nairobi

Neno "ganzi" lina maana mbili zinazogombana ndani ya kinywa kimoja. Daktari wa meno akisema ganzi anakusudia dawa ya sindano, ile inayolaza ufizi ili jino ling'olewe bila kilio. Mgonjwa wa Likoni akisema "meno yaniingia ganzi" analalamikia jambo jingine kabisa: akinywa maji ya barafu au akitafuna embe bichi la pilipili, hupatwa na mchomo unaomfumbisha macho. Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa nne, aliyesomeshwa kazi yake yote kwa Kiingereza, yuko kando ya kiti cha mgonjwa huyo. Anasikia "ganzi", anadhani ameombwa sindano, anainua bomba. Mgonjwa anaruka.

Kisa hicho ni cha kutunga. Swali linalotoka ndani yake si la kutunga: ni mwalimu gani wa chuo cha udaktari wa meno anayefundisha tofauti hiyo? Mwalimu wa upasuaji atasema mwanafunzi akifika kwake anatakiwa awe amekwisha kuzungumza na mgonjwa. Wa kuziba meno na kutibu mizizi atasema hayo ni ya afya ya jamii. Wa afya ya jamii ana saa chache kwa wiki, na saa hizo tayari zimejaa takwimu. Kila mmoja ana haki, na mgonjwa bado ameruka.

Mtaala ukipangwa vipande vipande, kila idara na kipande chake, mianya hubaki pale pasipo na idara. Mhadhara huu unahusu namna ya kuwakalisha walimu hao pamoja mtandaoni hadi mianya hiyo ionekane. Unahusu pia sababu ya Mombasa ya ng'ambo, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kustahili kiti katika kikao hicho ilhali haina chuo cha udaktari wa meno hata kimoja.

Kenya ilianza kufundisha madaktari wa meno nyumbani mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi, chini ya kitivo cha tiba. Tanzania ilifuata Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijiunga na safari hiyo baadaye sana. Mtu wa Likoni akiitazama ramani, vyote viko mbali. Nairobi ni kilomita 480 hivi kwa barabara, na Dar es Salaam haipishani sana na hapo. Ajabu ni kwamba anayeshika njia ya Lunga Lunga hufika Tanga, mji wenye chuo cha kufundisha matabibu wa meno, kabla mwenzake wa Nairobi hajamaliza nusu ya safari. Mpaka umewafanya watu wa pwani waone Tanga kuwa mbali na Nairobi kuwa karibu.

Mtaala wa meno wenyewe, kwa anayeutazama kutoka nje, huonekana kama orodha ya masomo. Kwa ndani ni mnada wa saa. Miaka ni mitano. Ya mwanzo huliwa na anatomia, fiziolojia na biokemia. Kisha mwanafunzi huwekwa mbele ya kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki, ajifunze kuchimba bila kumuumiza mtu. Kisha huingia kliniki. Humo kinywa kimegawanywa kama mirathi: kuna mwenye fizi, mwenye mizizi, mwenye meno ya bandia, mwenye meno ya watoto, mwenye kupanga meno yaliyokaa upande, mwenye upasuaji wa kinywa na taya, mwenye eksirei. Anayeomba saa mbili zaidi anaziomba kutoka kwa jirani. Ndiyo maana mikutano ya mtaala huwa na maneno matamu na uso mkavu.

Ugomvi huo haukuanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1926 William Gies, mtaalamu wa biokemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa ripoti kubwa juu ya elimu ya meno ya Marekani na Kanada kwa niaba ya wakfu wa Carnegie. Ilimchukua miaka kadhaa, akienda chuo baada ya chuo, akiuliza nani anafundisha nini na kwa saa ngapi. Leo kazi ile ya kukusanya ingeweza kufanywa kwa jedwali moja la mtandaoni ambalo kila chuo kinajaza sehemu yake. Lakini Gies alikuwa na kitu ambacho jedwali halina: alipobisha hodi, watu walimfungulia.

Jedwali la mtandaoni hubisha hodi hivi. Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kamati anatuma kiungo kwa walimu kumi na wanane, pamoja na ujumbe wa heshima kuwaomba wachangie kabla ya Ijumaa. Jumatano, wanne wamefungua. Mmoja amebadilisha ukubwa wa herufi. Mwingine ameandika pembeni, "Nimeona, ahsante." Wa tatu amelipakua jedwali, akalijaza peke yake kwenye kompyuta yake, akalirudisha kwa barua pepe likiwa na jina jipya, na sasa majedwali ni mawili. Kufikia mwisho wa mwezi yapo manane: moja linaitwa "mwisho", jingine "mwisho kabisa", jingine "mwisho wa kweli". Mwenyekiti anakesha hadi saa nane za usiku akiyaunganisha kwa mkono. Mtaala unaotoka hapo unaitwa wa pamoja kwa sababu majina ya wote yamo kwenye ukurasa wa kwanza.

Wengi hulaumu mtandao au bando. Lawama hiyo ni rahisi mno. Mwalimu huyo huyo asiyefungua jedwali yumo katika makundi sita ya WhatsApp na hujibu papo hapo. Kinachomzuia kiko kwingine.

Kwanza, mikono. Mwalimu wa meno hafundishi kwa mdomo tu. Mchana kutwa amevaa glavu, ameinama juu ya bega la mwanafunzi aliyeinama juu ya mgonjwa. Hawezi kuandika maoni na huku anashika kioo cha kinywani. Jioni, wengi wana kliniki zao za kulipia karo za watoto. Mkutano wa mtandaoni uliowekwa saa kumi na moja jioni unampata njiani, na kamera ikionyesha paa la gari.

Pili, cheo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo walimu wa vyuo vikuu, na makala zilizochapishwa katika majarida zina uzito mkubwa humo. Mwalimu aliyekesha mwezi mzima akichambua mtaala amewasaidia wanafunzi wa miaka kumi ijayo. Aliyeandika makala mbili kuhusu gundi ya kuzibia meno ndiye anayepanda cheo. Watu hufanya hesabu. Chuo kinachotaka walimu wake wapange mtaala kwa moyo kiwaandikie kazi hiyo katika saa zao rasmi na katika faili zao za kupandishwa cheo. Barua ya shukrani ya mkuu wa kitivo haitoshi.

Tatu, heshima, na hapa ndipo penye utamu. Mhadhiri msaidizi hawezi kufuta sentensi ya profesa aliyemfundisha kushika koleo la kung'olea, mbele ya macho ya wenzake wote, huku jina lake likimetameta pembeni ya aya. Ana kwa ana angeweza kusema, "Profesa, hebu tulitazame hili kidogo," akatabasamu, na jambo likapita. Hati ya mtandaoni haina tabasamu. Ina mstari mwekundu.

Dawa ya hilo ni ya zamani kuliko intaneti. Miaka ya 1950 watafiti wa shirika la RAND la Marekani walibuni njia waliyoiita Delphi: wataalamu huulizwa maswali yale yale kwa duru kadhaa, kila mmoja akijibu peke yake bila jina. Baada ya kila duru huonyeshwa jumla ya majibu ya wenzao, kisha huulizwa tena kama bado wamesimama pale pale. Sauti ya profesa na ya mhadhiri msaidizi huwa na uzito mmoja kwa kuwa hakuna ajuaye ipi ni ya nani. Walimu wa meno katika nchi mbalimbali wameitumia kuamua mwanafunzi anayehitimu awe anaweza kufanya nini. Inafanyika kwa simu, dakika kumi na tano kwa duru, hata ukiwa kwenye foleni ya feri. Kwa wenye mikono iliyovaa glavu mchana kutwa, dakika kumi na tano ni ombi linalokubalika.

Mfano wa kupanga mtaala pamoja ulio karibu zaidi, na ulio mzito, uko Muhimbili. Mwaka 2011 chuo kikuu hicho cha afya kilianzisha mitaala mipya inayojengwa juu ya umilisi, yaani juu ya kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya, na kiliianzisha katika skuli zake zote, ya meno ikiwemo. Kazi ya maandalizi ilichukua miaka kadhaa, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco. Hawakuanza na jedwali la masomo. Walianza kwa kuwafuata wahitimu wao makazini na kuuliza: ulipofika hospitalini, ulikuta nini ambacho hukufundishwa? Majibu yakarudishwa kwa walimu, na walimu wakapewa mafunzo ya kufundisha, jambo ambalo wengi wao, kama walimu wa vyuo vikuu popote, hawakuwahi kulipata rasmi. Likaundwa kundi la walimu wenye hamu ya ufundishaji, kutoka skuli tofauti, wa kuwavuta wenzao.

Mpangilio huo unastahili kukaziwa macho. Mwalimu aliyeambiwa "andika malengo ya somo lako" huyaandika kwa nusu saa, kwa kunakili ya mwaka jana. Mwalimu yule yule akiambiwa "mwanafunzi wako wa juzi, yuko wilayani peke yake, anasema hakujua la kufanya damu ilipokataa kukata" hawezi kunakili kitu. Atabishana, atajitetea, atapiga simu. Amekwisha kuingia kazini.

Baadaye, kuanzia 2018, Muhimbili, chuo cha tiba cha KCMC kilichoko Moshi na kile cha Bugando, Mwanza, walianza mradi wa kuoanisha mitaala yao ya udaktari na ya uuguzi kwa msaada wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Vyuo vitatu, miji mitatu, mamia ya kilomita kati yao, na mwishowe lugha moja ya umilisi. Udaktari wa meno haukuwemo. Pengo hilo ndilo linalowangoja walimu wa meno wa Nairobi, Eldoret, Kampala na Dar es Salaam, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki haikusubiri: mabaraza ya madaktari na madaktari wa meno ya nchi wanachama hufanya ukaguzi wa pamoja wa vyuo, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Wakaguzi wamekwisha kuungana kabla ya wanaokaguliwa.

Kuna sehemu ambayo jedwali la mtandaoni hushinda mkutano wowote, nayo ni hesabu. Chukua darasa la kubuni la wanafunzi 40. Idara inadai kila mmoja atibu mizizi ya magego sita kabla ya kuhitimu. Hiyo ni 240. Kila gego kwa mkono wa mwanafunzi linataka vipindi vitatu vya nusu siku: 720. Kliniki ina viti kumi, na kila kiti kimetengewa kazi hiyo mara mbili kwa wiki, yaani vipindi 20. Gawanya: wiki 36 bila mgonjwa hata mmoja kukosa kuja, bila umeme kukatika, katika mwaka wa masomo wenye wiki zisizozidi 30. Hesabu hiyo ikikaa kwenye safu ambayo kila mwalimu anaiona, ubishi wa mirathi hupoa wenyewe. Mwenye mizizi hashindwi na mwenye fizi. Anashindwa na viti. Hapo ndipo mtu huuliza kwa mara ya kwanza: viti vingine viko wapi?

Vingine viko pwani.

Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani iko kisiwani. Hospitali ya Port Reitz iko Changamwe, na Likoni ina hospitali yake. Tangu treni ya Madaraka ianze kufika Miritini mwaka 2017, mwalimu wa Nairobi anaweza kuanza safari asubuhi na kula chakula cha mchana Changamwe. Lakini mwanafunzi akiletwa ng'ambo kufanya kazi bila watu wa ng'ambo kushiriki katika kupanga anachokuja kujifunza, anakuja kama mgeni wa harusi: anakula, anaondoka. Afisa wa afya ya kinywa anayepokea wagonjwa huko kila siku anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kliniki ya Nairobi.

Anajua, kwa mfano, habari ya muguka, jani la kutafuna la jamii ya miraa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku jani hilo Mombasa, wakulima wake wa Embu wakaja juu, na amri ikafikishwa mahakamani. Mjadala wote ulihusu vijana, akili na biashara. Mtu wa meno huona kitu kingine: muguka hautafunwi peke yake. Hutafunwa na chingamu tamu, peremende, njugu na soda, saa nne au tano mfululizo, shavu moja limejaa. Kwa jino, ile sukari inayorudi kinywani kila dakika chache ni adui anayefahamika vizuri kuliko jani lenyewe. Ni somo la nani katika mtaala? La lishe? La magonjwa ya kinywa? La jamii? Linagusa idara zote, kwa hiyo linafaa kuwa la kwanza kuwekwa mezani.

Anajua pia karafuu. Mgonjwa akifika na punje ya karafuu imekwama kwenye tundu la jino, mwanafunzi mgeni huiona kama ujinga wa kuondolewa kwa maji. Angefundishwa kwamba mafuta ya karafuu yana eujeno, na kwamba eujeno ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutoa saruji ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa vizazi kutuliza na kuziba jino kwa muda, angelitazama tundu lile kwa jicho jingine. Bibi wa Pemba na kiwanda cha dawa walikutana kwenye mmea mmoja. Vivyo hivyo mti wa mswaki, ambao umeipa lugha yetu jina la kifaa chenyewe, bado unauzwa nje ya misikiti. Mwanafunzi anatakiwa ajue kumwelekeza mtumiaji wake namna ya kuutumia, badala ya kumwambia autupe.

Halafu kuna maneno. Jino "linapwita": maumivu yanadunda kama moyo, hasa usiku mtu akilala, na mara nyingi kiini cha jino kimekwisha kuwaka kiasi cha kutorudi. Jino "laingia ganzi": baridi na uchachu vinagusa mahali palipofunuka, na huenda jino bado ni zima. Orodha ya maneno ishirini ya namna hiyo, kila moja likiambatana na maana yake ya kitabibu na hatua ya kwanza ya kuchukua, ingeweza kuandikwa kwa wiki moja na maafisa watatu wa Kisauni, Likoni na Changamwe kupitia simu zao. Hakuna profesa wa Nairobi anayeweza kuiandika vizuri hivyo, na wengi wangekiri.

Kuna kinaya kidogo cha kijiografia hapa. Nyaya za chini ya bahari zilizoiletea Kenya intaneti ya kasi, TEAMS na SEACOM, zilifika nchi kavu Mombasa mwaka 2009, na mtandao wa vyuo, KENET, ulioanzishwa 1999, ukapata pa kuvutia maji. Mkutano wa walimu wa Nairobi na wenzao wa ng'ambo ya bahari unaweza kupita Mombasa kabla ya kufika Nairobi. Afisa wa afya ya kinywa, ambaye si mtu wa chuo, hana mlango wa KENET. Ananunua bando lake. Kamati inayomtaka kazini imlipie. Ni pesa ndogo kuliko chai ya mkutano mmoja wa hotelini, na mikutano ya mtaala ya hotelini Mombasa imewahi kuwa mingi, mingine ikiwa na mandhari nzuri ya bahari kuliko ya mtaala.

Yapo ambayo skrini haiwezi. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu wa meno waligundua haraka kwamba nadharia huhamia mtandaoni na mkono hauhami. Mashine ya kuchimba jino hurusha ukungu wa mate, na kliniki nyingi duniani zilibaki na dharura tu. Kupanga kwa mbali nako kuna mpaka wake. Walimu wawili waliokorofishana juu ya saa za meno ya bandia hawapatani kwa maoni ya pembeni. Hao wapandishwe treni, waketi baraza moja, wale mahamri.

Saa inakimbia hata hivyo. Watoto wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wa shule za Kenya waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na wanatarajiwa kubisha hodi vyuo vikuu mwaka 2029. Wamezoea kuulizwa wanaweza kufanya nini. Miongoni mwao wamo wa Mtongwe ya Likoni na wa Mishomoroni ya Kisauni ambao wanajua "kupwita" tangu wakiwa na meno ya utoto, na hawatahitaji kutafsiriwa.

Kikao cha kwanza, basi, kingeweza kuwa kidogo sana. Baada ya sala ya isha, kliniki zimefungwa, watu saba kwenye simu zao: watatu wa vyuo, watatu wa ng'ambo, na mmoja aliyehitimu mwaka jana. Jedwali lina mstari mmoja tu. Safu ya kwanza imeandikwa "ganzi". Ya pili, maana yake Likoni. Ya tatu, maana yake kwenye kiti cha daktari. Ya nne inauliza inafundishwa na nani, mwaka wa ngapi, kwa dakika ngapi, na bado iko wazi.